Viungo 500 kwa Shilingi 18,000: Alama za Viungo na Nafasi ya Tovuti Yako kwenye Google



Juzi mwekahazina wa kikundi cha akina mama wasukaji vikapu alinijia na karatasi mkononi. Kikundi chao kina tovuti ndogo waliyotengenezewa na kijana wa mmoja wao, na hupata oda mbili tatu kwa mwezi, nyingine kutoka ng'ambo. Sasa kuna mtu aliyewapigia simu akisema kwamba kwa shilingi 18,000 atawawekea "viungo 500", na baada ya wiki tatu tovuti yao itakuwa ya kwanza kwenye Google. Pesa hizo ndizo walizokuwa wametenga kununulia mkonge. Mama akaniuliza, "Hivi viungo ni nini, na kwani vinauzwa?"

Nilimwomba anipe siku chache nimwandikie, kwa sababu najua si yeye peke yake anayepigiwa simu kama hizo.

Kiungo na uzito wake

Kiungo ni yale maneno kwenye ukurasa wa intaneti ambayo ukiyabonyeza yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Kwa wewe msomaji ni mlango tu. Kwa injini ya kutafutia kama Google au Bing, kiungo ni kama mtu kumtaja mwenzake mbele ya watu.

Jambo hili lilianza mbali kidogo. Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walieleza njia yao ya kupima kurasa waliyoiita PageRank. Wakati huo injini nyingi zilitegemea sana maneno yaliyomo ndani ya ukurasa wenyewe, kwa hivyo mjanja angeweza kurudia neno moja mara mia na kupandishwa juu. Hawa wawili wakasema, wacha tuangalie nani anatajwa na nani. Ukurasa unaotajwa na wengi unapata uzito. Ukitajwa na wale ambao wenyewe wana uzito, unapata zaidi. Na anayetaja hugawa uzito wake kwa wote aliowataja.

Fikiria barua ya kumtambulisha mtu anayetafuta kazi. Barua moja ya mwalimu mkuu anayejulikana wilaya nzima inashinda barua kumi za binamu zako. Lakini mwalimu huyo akianza kumwandikia kila anayepita langoni, waajiri wataanza kuzitupa barua zake.

Siku hizi Google hutazama mambo mengi kando na viungo: kama ukurasa unajibu swali la anayetafuta, kama unafunguka vizuri kwenye simu, na kadhalika. Hata hivyo viungo bado vimo katika hesabu, na ndiyo sababu kuna watu wanaoviuza.

Neno dogo nyuma ya mlango

Nyuma ya kila kiungo kuna maandishi ambayo wewe huyaoni lakini kivinjari chako kinayasoma. Ndani yake kuna anwani ya kule kiungo kinakokwenda, ambayo huandikwa baada ya neno href. Pia panaweza kuongezwa neno rel, ambalo hueleza uhusiano wa mwenye ukurasa na kule anakokuelekeza. Hizi ndizo huitwa sifa za kiungo, na hapa ndipo yule mama alikuwa karibu kupoteza pesa.

Miaka ya mwanzo ya 2000 tovuti nyingi zilianza kuwaruhusu wasomaji kuandika maoni. Walanguzi wakaona nafasi. Wakawa wanaacha maelfu ya maoni yasiyo na maana, kila moja na kiungo cha kwenda kwenye duka lao la dawa au la kamari. Mwenye tovuti alijikuta anawatambulisha watu asiowajua. Basi Januari 2005 Google, Yahoo na MSN walikubaliana juu ya alama moja: rel="nofollow", yaani "usifuate". Kiungo chenye alama hiyo bado kinafunguka kama kawaida, lakini mwenye ukurasa anaiambia injini: mtu huyu yuko pale, lakini usiseme ni mimi niliyekutuma.

Tovuti nyingi kubwa ziliitumia. Wikipedia ya Kiingereza iliiweka kwenye viungo vyake vyote vya kwenda nje mwaka 2007, kwa kuwa watu walikuwa wanajaza humo viungo vya biashara zao. Tovuti zinazotumia programu ya WordPress huiweka zenyewe kwenye viungo vya maoni ya wasomaji. Kwa hivyo mtu akikuambia atakuwekea viungo 500, uwezekano ni mkubwa kwamba vingi vitakuwa vya aina hii, na pesa yako itakuwa imenunua barua ambazo chini yake pameandikwa "simjui".

Tarehe 10 Septemba 2019 Google iliongeza alama mbili. Ya kwanza ni sponsored, ya viungo vilivyolipiwa: tangazo, udhamini, au makala uliyolipia iandikwe. Ya pili ni ugc, ya viungo vilivyowekwa na wageni wa tovuti na si mwenyewe. Nofollow ikabaki kwa hali nyingine zote, na unaweza kuandika mbili pamoja ukitaka. Siku hiyohiyo Google ilisema kwamba katika kupanga nafasi itazichukua alama hizi kama dokezo, si amri. Yaani inaweza kuamua yenyewe kukitia maanani kiungo chenye alama. Kuanzia 1 Machi 2020 dokezo hilo lilihusu pia kurasa za kutembelewa na kuhifadhiwa. Kwa sababu hiyo, kama una ukurasa usiotaka uonekane na watu, usidhani nofollow ni kufuli.

Kuna alama nyingine utakazokuta, kama noopener. Hiyo ni ya usalama wa kivinjari tu, haigusi nafasi yako hata kidogo. Nimewahi kumsikia mtu akitoza pesa "kuiondoa".

Yaliyoikuta JCPenney

Mtu anaweza kusema, basi nitalipa ili viungo vyangu visiwekewe alama. Hapo ndipo hatari ilipo. Kanuni za Google zinakataza kununua au kuuza viungo kwa ajili ya kupandisha nafasi. Kiungo kilicholipiwa kinatakiwa kiwe na sponsored au nofollow.

Mwaka 2010, msimu wa Krismasi, duka kubwa la Marekani liitwalo JCPenney lilikuwa linatokea juu kabisa kwenye Google kwa vitu vya kila aina: magauni, mashuka, samani za sebuleni, mazulia. Watu walishangaa. Gazeti la New York Times likachunguza, na Februari 2011 likaeleza kwamba kulikuwa na viungo kwenye kurasa 2,015 vikielekea kwa duka hilo, vingi kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na nguo wala samani. Nyingine zilikuwa tovuti zilizoachwa ukiwa, kama nyumba isiyo na mtu ambayo kila apitaye anabandika karatasi ukutani. Duka lilisema halikuidhinisha mpango huo, likaifukuza kampuni iliyokuwa ikilifanyia kazi hiyo.

Google ililishusha kwa mkono. Jumatano moja jioni, ukitafuta aina fulani ya mikoba ya safari, duka lilikuwa namba 1. Baada ya saa mbili lilikuwa namba 71. Hebu fikiria: JCPenney ina maduka yake mijini na jina linalojulikana, kwa hivyo ilistahimili. Kikundi cha akina mama kumi na wanane ambacho oda zake za ng'ambo hupitia kwenye tovuti tu kitastahimili kwa njia gani?

Aprili 2012 Google ilileta utaratibu ulioitwa Penguin, wa kuvitambua viungo vya hila bila kungoja gazeti liandike. Tangu Septemba 2016 unafanya kazi wakati wote. Mara nyingi viungo hivyo sasa havihesabiwi kabisa, hata kama tovuti haikuadhibiwa. Pesa inaenda, na hakuna kilichosogea.

Makosa ya nyumbani

Wengine huziwekea nofollow kurasa zao wenyewe, wakidhani kwamba uzito wote utabaki kwa ule ukurasa wanaoupenda. Zamani ilidhaniwa hivyo. Lakini mwaka 2009 Matt Cutts wa Google alieleza kwamba hesabu imebadilika. Ukurasa ukiwa na pointi kumi na viungo kumi, na vitano ukaviwekea alama, vile vitano vingine havipati pointi mbili mbili. Vinapata moja moja, na tano zilizobaki zinapotea hewani. Kwa hivyo usiviwekee alama viungo vya ndani ya tovuti yako.

Jambo jingine ni maneno yanayobonyezwa. "Bonyeza hapa" hayaielezi injini chochote. "Vikapu vya mkonge vyenye mpini wa ngozi" yanaeleza. Nguvu ya maneno hayo ilionekana kuanzia 2003, watu wengi walipokubaliana kuweka kwenye tovuti zao maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kushindwa vibaya kabisa", yakielekea kwenye ukurasa wa maisha ya Rais George W. Bush. Ukiandika maneno hayo kwenye Google, Rais ndiye aliyetokea kwanza, ingawa ukurasa wake haukuyataja popote! Google ilirekebisha Januari 2007.

Sasa akina mama wafanye nini

Nilimwambia mwekahazina ampigie yule mtu na kumwuliza swali moja: viungo hivyo vitakuwa na neno sponsored? Akisema ndiyo, anauza tangazo, na bei ilinganishwe na matangazo mengine. Akisema hapana, ni yale ya JCPenney. Alipoulizwa alijibu kwamba atapiga simu baadaye.

Badala yake tulikaa tukaandika majina ya wanaowajua kweli: hoteli inayouza vikapu vyao dukani kwake, shule waliyofundisha watoto kusuka, duka la Nairobi linalochukua mzigo kila robo mwaka. Hao wote wana tovuti. Kuwaomba waandike jina la kikundi na kiungo si hongo, kwa maana ni kweli wanafanya kazi pamoja. Na hata wakiweka alama ya nofollow si hasara, kwani mteja akikiona kiungo atakibonyeza na kununua bila kujua kama kuna alama.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, fungua ukurasa huo kwenye kompyuta, kwa Chrome au Firefox, bonyeza Ctrl na U pamoja, kisha Ctrl na F, uandike anwani ya tovuti yako. Soma yaliyo karibu nayo kama kuna rel.

Na kwa wale ambao tayari walilipa: jiandikisheni kwenye Search Console ya Google, ambayo ni bure, muangalie kama kuna ujumbe wa adhabu. Kama upo, waandikieni wenye tovuti hizo waviondoe viungo, kisha muombe kuangaliwa upya. Tangu Oktoba 2012 kuna pia njia ya kuikabidhi Google orodha ya viungo mnavyovikana, lakini Google yenyewe inasema tovuti nyingi hazihitaji kuitumia. Kama hakuna ujumbe wowote, viacheni.