Intakula katika Boneti Finyu: Hewa, Joto na Nafasi kwa Magari ya Dizeli ya Ufipa

Kata ya Malangali imo ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, mahali ambapo hewa ni nyepesi kuliko wanavyodhani wengi wanaoivuta kila siku. Mji wa Sumbawanga uko takriban meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa, yaani nguvu ambayo uzito wa hewa unaikandamizia kila sehemu ya uso wa dunia, ni kama kilopaskali 82 tu, ilhali Dar es Salaam ni kama 101. Kwa hesabu ya gereji, injini iliyozoea pwani ikipandishwa Sumbawanga hupoteza karibu moja ya tano ya hewa yake kabla haijabeba hata gunia moja la mahindi. Upungufu huo haumsumbui sana mwenye gari dogo la kuzungukia mjini. Humsumbua mwenye gari la dizeli linaloshuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa kwenda Muze katika bonde la Ziwa Rukwa, au linalokwenda Kasanga kando ya Ziwa Tanganyika, kisha likalazimika kuupanda tena mwinuko wa takriban meta 1,000 likiwa na shehena ya mpunga au samaki.

Uhusiano wa hewa na moto haukuwa mgeni kwa wazee wa uwanda huu. Wafua chuma wa Kifipa walijenga tanuri refu la udongo, lenye kimo cha takriban meta tatu, lililojivutia hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila mtu kulipulizia, na baada ya hapo walikisafisha chuma hicho katika tanuri dogo ambalo lilihitaji mivukuto. Injini isiyo na tabo ni ndugu wa lile tanuri la kwanza, kwa kuwa huvuta kiasi kile tu ambacho anga inakubali kuipa, na injini yenye tabo ni ndugu wa lile la pili. Tabo, ambayo mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905, ni magurudumu mawili yenye mapezi yaliyofungwa kwenye shafti moja: la kwanza huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na la pili hukamata hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Tofauti na tanuri ni kwamba injini haipendi kupelekewa hewa ya moto, na hewa ikishindiliwa haina budi kupata moto, kama anavyojua kila aliyewahi kushika kichwa cha pampu ya baiskeli baada ya kujaza gurudumu.

Hapa ndipo mwinuko wa Ufipa unapoleta jambo ambalo wauzaji wa spea hulitaja kwa nadra. Ikichukuliwa tabo ambayo ufanisi wa kushindilia kwake ni asilimia 65, na ikatakiwa kufikisha ndani ya injini kanieneo ya kilopaskali 170, basi pwani, ambako hewa huingia ikiwa na nyuzi 30 za Selsiasi, itatoka kwenye tabo ikiwa na nyuzi zipatazo 105. Sumbawanga hewa huingia ikiwa baridi zaidi, tuseme nyuzi 20, lakini kwa sababu inaanzia kwenye kanieneo ndogo inabidi ishindiliwe zaidi ya mara mbili ili ifike kiwango kile kile, na hivyo hutoka ikiwa karibu na nyuzi 125. Baridi ya asubuhi ya Ufipa, ambayo wageni hudhani ni neema kwa injini, imekwisha kuliwa yote na kazi ya ziada ya tabo. Hewa hiyo ikipozwa hadi nyuzi 50 bila kupoteza kanieneo yake, uzito wake katika ujazo ule ule huongezeka kwa zaidi ya asilimia 20, na chombo kinachoifanya kazi hiyo ndicho intakula: kiini cha mirija bapa ya alumini yenye mapezi membamba, mfano wa rejeta, isipokuwa ndani yake hupita hewa ya tabo badala ya maji.

Faida yake kwa dizeli inahitaji kuelezwa kwa uangalifu, maana imetiwa chumvi nyingi. Injini ya dizeli hupata nguvu kutokana na mafuta yanayodungwa, na hewa ya ziada peke yake haiongezi nguvu kubwa ikiwa pampu imeachwa ilivyokuwa. Inachofanya hewa baridi na nzito ni kuyaunguza mafuta yaleyale kikamilifu zaidi, kupunguza moshi mweusi, na kushusha joto la moshi unaotoka, ambalo ndilo huunguza pistoni na kupasua manifoldi pale gari linapopanda muda mrefu kwa gia ya pili. Kwa mmiliki wa Ufipa hilo la mwisho lina thamani kuliko mbio.

Mfano mzuri ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 80 yenye injini ya 1HD-T, silinda sita na lita 4.2, iliyotoka kiwandani mwaka 1990 ikiwa na tabo lakini bila intakula. Ndugu yake 1HZ, iliyo katika Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70 zinazotumika Tanzania, haina hata tabo. Toyota ilipoanza mwaka 2007 kuufungia mfululizo huo wa 70 injini ya V8 ya dizeli yenye tabo, iliweka intakula juu ya injini, na ndiyo maana boneti ya gari hilo ina pua iliyoinuka yenye tundu la kukamata upepo. Mwenye 1HD-T anayetaka chombo hicho hana tundu hilo, wala hakuachiwa nafasi na waliolichora gari: kuna rejeta kubwa, feni iliyosogea karibu nayo, kondensa ya kiyoyozi mbele yake, mhimili wa kufuli ya boneti katikati, na mara nyingine betri mbili pembeni.

Fundi ana mahali patatu pa kuchagua. Juu ya injini mabomba huwa mafupi na tabo hujibu upesi, lakini boneti lazima ikatwe, na gari linalopanda polepole halipati upepo wa kutosha katika tundu hilo, kiasi kwamba kiini hubaki kikipokea joto la injini iliyo chini yake na kuanza kuipasha hewa ambayo kiliwekwa kuipoza. Pembeni, nyuma ya bampa na mbele ya tairi, hupatikana nafasi ya kiini kidogo tu, tena kwenye njia ya matope. Mbele ya rejeta, nyuma ya shoo, yaani uso wa matundu ulio mbele ya gari, ndipo penye hewa baridi zaidi, na pana faida ambayo husahaulika: feni ya injini huvuta hewa kupita humo hata gari likienda mwendo wa mtu anayetembea. Gharama yake hulipwa na rejeta, kwa sababu hewa inayoifikia tayari imepashwa na intakula, na kama rejeta hiyo ina uchafu wa miaka kumi kati ya mapezi yake, mshale wa joto utapanda kabla mlima haujafika nusu. Ipo pia njia ya nne, ya kuipoza hewa kwa maji yanayozungushwa na pampu hadi kwenye rejeta ndogo ya peke yake. Toyota Celica iliyoshinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1990 ikiendeshwa na Björn Waldegård wa Sweden ilitumia mfumo wa aina hiyo, ambao hutoshea mahali finyu kwa kuwa mipira ya maji ni myembamba kuliko mabomba ya hewa. Lakini pampu ya umeme ikifa katikati ya mlima, upozaji wote hufa nayo, na hakuna timu ya mbio inayomfuata nyuma mfanyabiashara wa mpunga.

Kwa kazi ya uwanda huu, kiini chembamba cha mbele, chenye unene usiozidi sana milimeta 50, ndicho chenye hoja nzito zaidi. Kiini kinene huvutia machoni dukani, lakini safu za nyuma za mapezi yake hupokea hewa iliyokwisha kupashwa na safu za mbele, huku kikiiziba rejeta. Kilicho muhimu kuliko unene ni hewa kukosa njia ya kukwepa: pengo kati ya kiini na kuta za shoo likiachwa wazi, upepo utapita humo kwa kuwa ni rahisi zaidi, na hivyo mafundi makini huliziba kwa vipande vya mpira au bati jembamba.

Kupima hufanywa kabla ya kununua. Umbo la kiini hukatwa kwenye kadibodi na kujaribiwa mahali pake pamoja na njia za mabomba, na madonge ya udongo laini huwekwa juu ya sehemu zilizo karibu na boneti, kisha boneti hufungwa taratibu na kufunguliwa ili unene wa udongo uliobaki uonyeshe nafasi halisi. Mara nyingi husahaulika kwamba injini hucheza juu ya mipira yake ya kukalia, ilhali intakula imefungwa kwenye bodi. Bomba lililopita sentimeta moja kutoka kwenye panga la feni gari likiwa limesimama linaweza kuligusa gari likivuta mzigo, na kwa sababu hiyo kila upande huhitaji kiungo cha mpira kinachokubali kupinda. Mhimili wa kufuli ya boneti ukizuia, hausogezwi bila kuwekewa mwingine wenye nguvu ile ile, maana boneti ikifunguka barabarani humfunika dereva macho.

Mabomba ya alumini yenye kipenyo cha inchi 2 na nusu hutosha kwa injini ya lita 4.2, na kona zipunguzwe kadiri inavyowezekana, kwani kila kona kali hula sehemu ya kanieneo ambayo tabo imeihangaikia. Ncha za mabomba hufanyiwa ukingo uliovimba, la sivyo mpira utachomoka siku ya mzigo hata kibano kikikazwa hadi kikatike. Mipira ya silikoni ya kawaida nayo hulainika polepole ikilowa mvuke wa mafuta ya injini unaopitia kwenye tabo, hivyo huchaguliwa ile yenye utando wa ndani unaostahimili mafuta.

Kazi ikiisha, ncha mbili za mfumo huzibwa, hewa ya kompresa hujazwa kwa kiasi kidogo, na kila kiungo hupakwa maji ya sabuni. Povu likitokea, kiungo hicho hufunguliwa upya. Vibano hukazwa tena baada ya safari ya kwanza ya kushuka na kupanda, kwa sababu mpira hubonyea ukipata joto na kulegeza kilichokuwa kimebana. Msimu wa kiangazi unapoisha, mapezi ya kiini huwa yamejaa vumbi na mbegu za nyasi za barabarani, nayo huoshwa kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa nyuma kwenda mbele, kwani maji ya nguvu kubwa huyalaza mapezi na kuifunga njia ya upepo.