Sakafu ya Lamineti na Maji ya Deki

Sakafu ya lamineti huonekana kama mbao za mninga au mwaloni, lakini anachokiona mtu ni picha. Kiini cha ubao wake ni nyuzi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na gundi, kisha zikashindiliwa kwa joto mpaka zikawa ngumu. Juu ya kiini hicho hubandikwa karatasi iliyochapishwa sura ya mbao, na juu kabisa huja tabaka jembamba la melamini lenye oksidi ya alumini, madini yaleyale yanayotengenezewa msasa. Chini kuna tabaka jingine la kuzuia ubao usijipinde. Kampuni ya Perstorp ya Uswidi ndiyo iliyoianzisha, mwishoni mwa miaka ya 1970. Miaka ya 1990 ukaja mtindo unaotumika hadi leo: ulimi wa ubao mmoja hubanwa ndani ya mfereji wa mwenzake bila gundi wala msumari, na sakafu nzima hulala juu ya zege bila kushikizwa popote.

Uso wa lamineti ni mgumu kweli. Udhaifu wake uko kwenye maungio. Maji yakituama hupenya humo na kufika kwenye kiini, nyuzi zikavimba, na zikishakauka hazirudi zilivyokuwa. Dalili ya kwanza haionekani kwa macho: kiganja kikipitishwa kwenye ungio hukwama kwenye ukingo ulioinuka kidogo. Baadaye karatasi ya juu huanza kumenyuka hapohapo.

Kwa hiyo deki ya ndoo iliyozoeleka, ya kumwaga maji ya sabuni na kuyasukumia nje, inafaa kwa marumaru na saruji. Kwa lamineti ni maangamizi. Inatosha kufagia kwa ufagio laini, kisha kupitisha kitambaa kilichokamuliwa barabara, kiasi kwamba sakafu ikauke yenyewe ndani ya dakika moja au mbili. Mashine za mvuke hazifai hata zikisifiwa vipi dukani, kwa kuwa mvuke hupenya kuliko maji. Nta ya kung'arishia nayo haina kazi hapa: haiingii kwenye melamini, hubaki juu ikikusanya vumbi na kuacha alama za nyayo. Doa la rangi ya kucha au wino hutolewa kwa kitambaa chenye asetoni kidogo, na ubani wa kutafuna hugandishwa kwa barafu, kisha ukabanduliwa kwa kipande cha plastiki.

Adui wa pili ni mchanga, na kwenye nyumba za pwani hauishi. Kila chembe inayoingia na viatu husaga uso wa sakafu chini ya miguu ya viti. Zulia la kujifutia mlangoni na vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya samani huokoa zaidi ya sabuni yoyote.

Mkwaruzo mdogo huzibwa kwa kijiti cha nta ya rangi inayofanana, na tundu dogo kwa puti ya mbao; ziada hukwanguliwa kabla haijakauka. Kupiga msasa ni kosa, maana picha ikishakwanguliwa hakuna mbao nyingine chini yake.

Sakafu ikituna katikati ya chumba, si lazima kosa liwe ni maji. Lamineti hutanuka na kusinyaa kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, hivyo huhitaji nafasi ya kama milimita 10 kando ya kila ukuta, inayofichwa na sketingi. Fundi aliyeibana mpaka ukutani ameinyima pa kwenda. Tiba ni kung'oa sketingi na kupunguza kingo. Ikiwa nafasi ipo na bado sakafu inatuna, zege huenda linatoa unyevu. Hupimwa kwa kubandika kipande cha nailoni juu ya zege tupu na kukiziba kando zote kwa utepe. Baada ya siku moja hadi tatu, matone chini yake yanatoa jibu. Hapo sakafu haina budi kufunguliwa na kutandikiwa nailoni nzito upya.

Ubao uliovimba hautengenezeki, hubadilishwa. Ukiwa karibu na ukuta, safu hufunguliwa kuanzia kwenye sketingi, na kila ubao huandikwa namba kwa nyuma ili urudi mahali pake. Ukiwa katikati ya chumba, hukatwa papo hapo: hutobolewa matundu karibu na pembe, msumeno wa duara hupangwa kina sawasawa na unene wa ubao ili usichane nailoni, sehemu ya kati hutolewa, na vipande vya kando huvutwa kwa patasi taratibu. Ubao mpya hukatwa mdomo wa chini wa mifereji yake, hupakwa gundi ya mbao, hushushwa mahali pake na kuwekewa uzito kwa saa 24.

Mbao za ziada hufaa kuhifadhiwa tangu siku ya ujenzi, kwani madukani mitindo hubadilika upesi. Hata hivyo, ubao uliokaa stoo huweza kuonekana mbichi kando ya wenzake waliopaushwa na jua la dirishani. Mafundi wengine huchukua ubao chini ya kabati la chumba hichohicho na kuupeleka panapoonekana, kisha ule mpya wakaulaza chini ya kabati.