Likizo ya pwani na zabibu: Kwa nini msafiri wa Murangi aanzie Dodoma

MKAZI wa Murangi, katika Wilaya ya Musoma mkoani Mara, anapopanga kuipeleka familia yake Dar es Salaam kwa mapumziko, kwa kawaida huiwaza safari moja ndefu: kupanda basi Musoma alfajiri na kushuka Mbezi usiku mkubwa, miguu ikiwa imevimba. Katika safari hiyo Dodoma huonekana dirishani tu, mahali pa kuchimba dawa na kununua maji.

Mpango huo humgharimu zaidi ya uchovu. Barabara inayomtoa Kanda ya Ziwa kwenda pwani humpitisha katikati ya kitovu cha kilimo cha zabibu nchini, eneo ambalo mkazi wa Dar es Salaam hulazimika kulifungia safari yake pekee.

Tangu mwaka 2024, treni ya kisasa inayotumia umeme imeiunganisha Dodoma na Dar es Salaam kwa safari ya takriban saa nne au pungufu. Kwa hiyo mashamba ya zabibu na fukwe za bahari sasa vinaweza kuingia katika likizo moja, ilimradi msafiri apange ratiba kwa kuzingatia majira na umbali.

Umbali ndio unaopanga ratiba

Wengi wanaposikia habari za utalii wa mvinyo hufikiria Cape Town, Afrika Kusini, ambako mashamba ya Stellenbosch yako umbali wa kilomita 50 hivi kutoka jijini. Mgeni huondoka hotelini asubuhi, akaonja mvinyo mchana na kurudi jijini kabla ya jua kuzama.

Hali ya Tanzania ni tofauti. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa barabara ni takriban kilomita 450, hivyo kwenda na kurudi siku moja kwa basi ni adhabu. Aidha, Dodoma haina njia ya utalii wa mvinyo yenye mabango, mabasi ya wageni na milango iliyo wazi kila siku. Anayekwenda bila kutoa taarifa anaweza kukuta geti limefungwa.

Kwa msafiri wa Murangi, hata hivyo, umbali huo unageuka kuwa faida. Kutoka Musoma hadi Dodoma, kwa kupitia Bunda, Shinyanga, Nzega na Singida, ni zaidi ya kilomita 800. Ni safari ya kutwa nzima ambayo kwa vyovyote inahitaji mapumziko, na mahali pa kupumzika pameshajipanga penyewe njiani.

Septemba ndio mwezi wake

Uamuzi wa pili ni wa majira. Familia nyingi husafiri wakati wa likizo ndefu za shule, yaani Juni na Desemba. Miezi hiyo si ya zabibu.

Dodoma ipo takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na kusini kidogo tu mwa ikweta. Haina majira ya baridi kali yanayoulazimisha mzabibu ulale kama ilivyo Ulaya, ambako mavuno ni mara moja kwa mwaka. Mkulima wa Dodoma hupogoa matawi, mmea ukachipua upya, na kwa njia hiyo huvuna mara mbili: Februari hadi Machi, na tena Agosti hadi Septemba.

Mavuno hayo hukaribiana na likizo fupi za katikati ya muhula, ambazo kwa kawaida huangukia Machi au Aprili, na tena Septemba. Tarehe kamili hutangazwa na wizara katika kalenda ya mwaka husika, na mzazi hana budi kuiangalia kabla ya kukata tiketi.

Kati ya nafasi hizo mbili, ile ya Septemba ndiyo bora. Machi mvua za masika huanza kunyesha pwani na huweza kuendelea hadi Mei. Septemba pwani huwa kavu, upepo wa kusi huwa umeanza kulegea, na Dodoma huwa bado haijaingia katika joto la Oktoba na Novemba.

Siku nne za mwanzo

Ratiba inayopendekezwa ni ya siku 11, ukihesabu kutoka nyumbani hadi kurudi nyumbani.

Siku ya kwanza ni ya kutoka Murangi hadi Musoma mjini na kulala huko. Mabasi ya masafa marefu huondoka mapema, na kujaribu kutoka Majita usiku ili kuliwahi basi katika kituo cha Bweri ni kuanza likizo kwa wasiwasi usio na sababu.

Siku ya pili ni ya barabarani hadi Dodoma. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, na wapo watakaoshawishika kuunganisha moja kwa moja hadi Dar es Salaam. Mwenye watoto ashuke Dodoma alale.

Siku ya tatu ni ya kupumzika na kuliona jiji. Uamuzi wa kuihamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973, wakati wa uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere, ambaye kwao Butiama ni jirani na Murangi. Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 26, 2018. Familia inaweza kutembelea viwanja vya Nyerere, kuyaona majengo ya Bunge na msikiti mkubwa unaojulikana kwa jina la Gaddafi, kisha ikapita soko la Majengo kuonja zabibu zilizoingia siku hiyo.

Siku ya nne ndiyo ya mashambani. Upande wa kaskazini-mashariki, umbali wa kilomita 40 hivi, ipo Hombolo, penye bwawa kubwa na kiwanda cha mvinyo cha CETAWICO. Upande wa kusini yapo mashamba ya Mpunguzi na Matumbulu, na ipo misheni ya Bihawana, ambako wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu katika miaka ya 1950. Makutupora, kaskazini mwa jiji, ina kituo cha utafiti cha TARI kinachoshughulikia zao hilo, na jina la mahali hapo limepewa aina mojawapo ya zabibu nyekundu inayolimwa sana mkoani humo.

Msafiri achague upande mmoja tu kwa siku hiyo. Apige simu kiwandani au kwa chama cha ushirika siku kadhaa kabla, aulize kama wageni wanapokelewa na kwa saa zipi. Kuonja mvinyo ni kwa waliotimiza miaka 18, na dereva asiwe miongoni mwa waonjaji. Watoto watafurahia kuona zabibu zikikatwa shambani na kujazwa kwenye kreti.

Jambo analopaswa kuliuliza mgeni

Huko mashambani mgeni atasikia neno "mchuzi". Mchuzi wa zabibu ni maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tunda, ambayo ndiyo malighafi ya mvinyo. Neno hilo linabeba tatizo kuu la mkulima wa Dodoma.

Zabibu ikishaiva haisubiri. Mnunuzi asipofika kwa wakati, tunda huharibika shambani au huuzwa kwa bei ya kutupa. Mwenye uwezo wa kukamua na kuhifadhi mchuzi kwenye matangi hupata muda wa kutafuta bei, na asiye na uwezo huo huchukua anachopewa. Wakulima wamelilalamikia soko kwa miaka mingi.

Mkazi wa Murangi hahitaji kufafanuliwa sana. Anajua kinachowapata dagaa mvua inaponyesha kabla hawajakauka, na anajua ni nani hupanga bei siku hiyo.

Ndiyo maana safari ya Septemba ina maana kwa pande zote mbili. Fedha ya mgeni anayenunua zabibu shambani au chupa kiwandani humfikia mzalishaji wakati ule anapoihitaji zaidi. Mnunuzi naye ajilinde: chupa iwe na lebo inayotaja mtengenezaji, pamoja na alama ya ubora ya TBS. Mvinyo unaouzwa kwenye chupa za maji pembezoni mwa barabara hauna wa kumuuliza ukileta madhara.

Treni ya kwenda pwani

Siku ya tano ni ya treni ya SGR. Huduma kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza Julai 2024 na kuzinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Agosti 1 mwaka huo. Reli hiyo imejengwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, na hupita kwenye mahandaki ya Kilosa, jambo ambalo watoto hawatalisahau.

Nauli iliyotangazwa na LATRA mwaka 2024 kwa treni ya kawaida ilikuwa Sh31,000 kwa mtu mzima na nusu yake, Sh15,500, kwa mtoto wa miaka minne hadi 12. Kwa viwango hivyo, wazazi wawili na watoto wawili hulipa Sh93,000 kwa safari moja. Treni ya haraka ina nauli ya juu zaidi. Msafiri athibitishe nauli ya sasa kwa Shirika la Reli (TRC), akate tiketi mapema kwa njia ya mtandao, abebe kitambulisho na afike stesheni kabla ya muda kwa ajili ya ukaguzi wa mizigo.

Bahari si ziwa

Alasiri ya siku ya tano inatosha kwa upepo wa Coco Beach. Siku ya sita iwe ya jiji: Makumbusho ya Taifa, Kanisa la Azania Front, soko la samaki la Kivukoni, na Kijiji cha Makumbusho kilichofunguliwa mwaka 1967, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Pale Kivukoni, mtu aliyezoea sato na sangara atakutana na changu, kolekole, ngisi na pweza.

Siku ya saba ni ya kisiwani. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni sehemu ya eneo la hifadhi ya bahari lililoanzishwa mwaka 1975. Boti za Bongoyo hupatikana Msasani na za Mbudya upande wa Kunduchi, na mgeni hulipa ada ya kuingia hifadhini pamoja na nauli ya boti.

Hapa mtu wa ziwani anahitaji tahadhari moja. Maji ya Ziwa Victoria hayaondoki ufukweni asubuhi na kurudi jioni. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, tofauti ya kina huweza kufikia mita tatu au zaidi. Mahali mtoto aliposimama maji yakiwa magotini, saa chache baadaye patamzamisha. Msafiri awaulize wavuvi au mabaharia saa za kupwa na kujaa kabla ya kuingia majini.

Siku ya nane ni ya Bagamoyo, takriban kilomita 70 kaskazini. Mji huo ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani kabla ya kuhamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Una misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na jirani yake yapo magofu ya Kaole. Familia yenye siku chache iiondoe Bagamoyo, ibakize kisiwa.

Kurudi na mzigo

Siku ya tisa ni ya kurudi Dodoma kwa treni ya asubuhi, na huo ndio wakati wa kununua. Zabibu mbichi zilizonunuliwa siku ya nne zisingeweza kustahimili joto la Dar es Salaam hadi mwisho wa safari, na mvinyo hauharibiwi na kitu haraka kama joto. Chupa zifungwe kwa nguo na kukaa ndani ya basi, mbali na jua, zisiwekwe kwenye buti lenye joto la injini.

Siku ya kumi ni ya basi hadi Musoma, na ya 11 ni ya kuingia Murangi.

Ratiba hii ina malazi ya usiku mwingi kuliko safari ya moja kwa moja, na hilo ni gharama. Mwenye bajeti finyu apunguze siku za Dar es Salaam, ambako chakula na vyumba mara nyingi huwa ghali zaidi, kabla ya kugusa siku za Dodoma. Bahari itakuwapo Juni na Desemba pia, lakini zabibu za Septemba zikishavunwa, atakayechelewa itambidi asubiri hadi Februari.