Likizo ya Skauti na Wajibu Wetu Sisi Wakubwa

Skuli zinapofungwa hapa visiwani, wazee hugawika mafungu mawili. Wako wanaofurahi kwa kuwa wamepata mikono ya kuwasaidia shambani, pwani na jikoni. Na wako wanaoingiwa na wasiwasi, kwa kuwa hawajui mwana atashinda wapi tangu asubuhi hadi magharibi. Likizo ya mwisho wa mwaka ni ndefu, nayo hufuatiwa na shamrashamra za Januari 12, siku ya kuyakumbuka Mapinduzi ya 1964. Sikukuu za Idi nazo, ambazo kwa hesabu ya mwezi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, huja na siku zake nne za nguo mpya, vipesa mkononi na watoto kumiminika viwanjani. Siku hizo ni za furaha. Lakini hapana budi tukiri kuwa ndizo pia siku ambazo mtoto hupotea, hugongwa na gari, huungua kwa mafuta ya kukaangia, au huenda kuogelea asirudi.

Leo katika safu hii tumependa kuwazungumzia vijana ambao, wakati wenzao wanapumzika, wao huvaa skafu shingoni wakaenda kuwatumikia watu. Tunakusudia skauti. Tunawazungumzia kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yao inastahili kujulikana. Pili, na hili ndilo zito zaidi, kazi hiyo imekuwa kioo ambacho sisi wakubwa, viongozi na wazazi, tunaweza kujitazama tukaona tumetimiza nini na tumeacha nini.

Tuanze na viwanja vya sikukuu. Kila mwenyeji wa visiwa hivi anaijua Mnazi Mmoja na Kariakoo ya Unguja jioni ya Idi mosi, na anaijua Tibirinzi ya Chake Chake na Umoja ni Nguvu ya Mkoani. Watu ni wengi kiasi kwamba mama akiuachia mkono wa mwanawe kwa nukta moja, huwa amempoteza. Mtoto wa miaka mitatu akiulizwa jina la mama yake hujibu "Mama", na akiulizwa anakokaa hujibu "kwetu". Skauti waliofunzwa vyema hawamzungushi mtoto huyo uwanja mzima. Mmoja hubaki naye palepale alipookotwa, maana mzazi kwanza hurudi pale alipompotezea mwanawe, na mwengine hukimbilia kwenye kipaza sauti. Nao hutoa nasaha ambayo haina gharama hata ya senti moja: mzazi aandike nambari yake ya simu katika kipande cha karatasi na akibane kwa pini ndani ya nguo ya mtoto kabla ya kutoka nyumbani.

Katika huduma ya kwanza pia wanatufunza mengi. Wengi wetu tulilelewa tukiamini kuwa anayetoka damu puani ainue kichwa juu, na kwamba aliyeungua apakwe dawa ya meno. Skauti hufundishwa kinyume chake. Mwenye kutoka damu puani huinamishwa mbele kidogo akabanwa pua kwa dakika 10, ili damu isishuke kooni. Aliyeungua humiminiwa maji safi ya baridi kwa dakika 20, wala hapakwi kitu chochote kabla ya kufika hospitali. Haya ni mambo madogo, lakini ndiyo yanayotenganisha jeraha linalopona na jeraha linalooza.

Wako watakaotuuliza: hawa skauti si urithi wa mkoloni? Swali hilo ni halali na halifai kukwepwa. Mwasisi wa skauti, Robert Baden-Powell, alikuwa afisa wa jeshi la Kiingereza aliyepata sifa katika kuzingirwa kwa mji wa Mafeking, Afrika ya Kusini, mwaka 1899 hadi 1900. Kambi yake ya mwanzo ya majaribio aliifanya katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza mwezi wa Agosti 1907, na kitabu chake cha mafunzo kikatoka mwaka 1908. Alimalizia maisha yake Nyeri, nchini Kenya, alikofariki na kuzikwa mwezi wa Januari 1941. Utaratibu wake ukaenezwa katika makoloni, na Unguja haikusalimika. Ndiyo sababu baada ya Mapinduzi ya 1964 skauti waliwekwa kando hapa kwetu, na watoto wakaandaliwa katika jumuiya ya Young Pioneers chini ya Umoja wa Vijana wa Afro-Shirazi. Hatua ile ilikuwa na mantiki yake, kwani nchi iliyokwisha kujikomboa ilitaka kuwalea watoto wake kwa mikono yake yenyewe.

Miaka imepita, na mambo mengi yamebadilika. Skauti wamerudi viwanjani na maskulini, wakiongozwa na wananchi wenyewe. Kwa maoni yetu, jembe huulizwa kama linalima. Haliulizwi limefuliwa na nani. Na tukilitazama kwa jicho la haki, lile wanalolifanya skauti leo si geni katika visiwa hivi. Ni msaragambo wa wazee wetu, waliokuwa wakijengeana nyumba na kulimiana mashamba bila ya ujira. Ni ile kazi ya kujitolea iliyosaidia kuyasimamisha majumba ya Michenzani, ambako wananchi walibeba mchanga na matofali siku zao za mapumziko. Na mwenye kusoma chuoni kabla ya kwenda skuli, kama wengi wetu, alikwishafundishwa na mwalimu wake kwamba kuondoa mwiba njiani ni sadaka. Kijana wa skauti anayeahidi kumtumikia Mungu na nchi yake, na kumsaidia mtu kila siku, haongezi dini mpya. Anayatenda yale tuliyoyahifadhi.

Sasa tuingie katika kiini cha maneno yetu. Miongoni mwa kazi wanazozifanya vijana hawa wakati wa likizo ni kusafisha mitaro na kuzoa taka mitaani. Kazi hii si pambo. Historia yetu inatukumbusha kwamba mwaka 1978 kipindupindu kilipoingia visiwani kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za karibuni, watu 411 waliugua na 51 kati yao wakafariki. Maradhi hayo yamerudi mara kadha wa kadha, na mripuko wa 2015 na 2016 ungali katika nyoyo za walioshuhudia kambi za wagonjwa. Kipindupindu hupenda mtaro ulioziba, maji yaliyosimama na kisima kilicho jirani na choo. Kwa hivyo kijana anayezibua mtaro kabla ya mvua za masika analinda roho za watu asiowajua.

Lakini tumeona nini? Katika mtaa mmoja, ambao hatutautaja, vijana walitoka alfajiri wakafyeka, wakafagia na kuutoa mtaroni uchafu wa miezi. Waliulundika kandoni mwa njia kama walivyoagizwa, wakarudi makwao kwa furaha. Gari iliyoahidiwa haikuja siku ile, wala ya pili, wala ya tatu. Mvua ikanyesha, na uchafu ule ukarudi mtaroni ulikotoka. Tunawauliza wahusika: hapo amefundishwa nini kijana? Amefundishwa kwamba kazi ya kujitolea ni mchezo wa kupigia picha, na kwamba ahadi ya mkubwa ni upepo. Kufuta funzo la namna hiyo kutahitaji likizo nyingi.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu watendaji wetu, ambao wengi wao wanafanya kazi kwa juhudi katika hali ya uhaba. Tunasema ili utaratibu urekebishwe. Gari ipatikane kwanza, ndipo fagio litoke. Sheha asiwaite vijana mpaka awe na uhakika wa siku na saa ya kuondoshwa taka. Na lazima wapewe glavu na viatu vya mpira, tena wasiruhusiwe kabisa kuingia katika maji ya vyooni. Mtoto wa watu hakuja kujitolea ili arudi nyumbani na maradhi yaleyale tunayoyapiga vita. Aidha, skauti ni msaidizi wa huduma ya umma. Hakuwekwa kuwa mbadala wake. Usafi wa mji una bajeti yake na wafanyakazi wake.

Kazi nyengine inayopendwa siku hizi ni upandaji wa mikoko. Wakaazi wa Kisiwa Panza na sehemu nyengine za Pemba hawana haja ya kuelezwa umuhimu wake, kwani wameyaona maji ya chumvi yakipanda hadi katika ardhi waliyokuwa wakiilima. Hata hivyo, kupanda miche elfu kwa siku moja hakutoshi. Kila mti wa pwani una makaazi yake. Mkoko hupenda tope linalofikiwa na maji mara kwa mara, mkandaa huishi nyuma yake upande wa nchi kavu, na mlilana husimama mbele kupokea mawimbi. Mche ukipandwa pasipo pake, hata ukipandwa kwa hotuba na ngoma, utakufa. Tunawapongeza viongozi wa skauti wanaowauliza wavuvi na wazee wa kijiji kabla ya kuchimba, na wanaowarejesha vijana wao likizo inayofuata kuhesabu miche iliyo hai. Hesabu hiyo ya pili ndiyo tunayotaka kuiona katika ripoti za maofisi yetu, badala ya ile ya siku ya sherehe.

Na sisi ni watu wa bahari. Hatuwezi kuzungumzia likizo tukainyamazia bahari. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba, nayo imejaa kupita kiasi. Julai 18, 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe. Mamia ya ndugu zetu walipotea, na ziko nyumba ambazo hadi leo hazijui kaburi la mtu wao. Misiba ile ilitufunza kuwa sheria za usafiri wa baharini lazima zifuatwe, hasa katika misimu ya safari nyingi. Ilitufunza pia kwamba mtu wa kisiwani asiyejua kuokoa wala kuokoka majini ana upungufu katika elimu yake.

Hapa skauti wana hazina ya kutugawia. Mafunzo yao husema kwamba anayezama hujaribiwa kwanza kufikiwa kwa upondo au tawi, kisha kutupiwa kitu cha kuelea, na kijana asiye mjuzi asijitose, maana mwenye kuzama humvuta anayemwokoa wakafa wote wawili. Dumu tupu la lita 20, lililofungwa kizibo barabara na kutiwa kamba, linatosha kumwelesha mtu mzima mpaka avutwe. Kila ngalawa inaweza kuwa nalo. Na akishatolewa majini bila ya kupumua, asibinuliwe kichwa chini wala kukandwa tumbo kutafutwa maji. Apewe pumzi mdomoni na abanwe kifua mara moja, na msaada uitwe. Laiti kila skuli ya pwani ingelitenga siku mbili za likizo kwa somo hili, tungelipunguza vilio vingi.

Lipo jambo la mwisho tunalopenda kulisema kwa uwazi. Vijana hawa wasigeuzwe mapambo. Tumezoea kuwaona wakipangwa juani saa tatu au nne wakimsubiri mgeni rasmi, kisha wakapungiwa mkono na kusahauliwa. Mwenye kutaka gwaride lao na aulize pia kama wana sanduku la huduma ya kwanza, kama wanapata maji ya kunywa, na kama wako watu wazima waaminifu wanaowasimamia kambini, si mmoja tu peke yake, ili mzazi alale akiwa na amani. Wazazi nao wasiwazuie watoto wao wa kike kwa hofu ambayo utaratibu mzuri unaweza kuiondoa. Kufunga jeraha, kuokoa aliyezama na kupanda mkoko ni elimu ya mwanamke kama ilivyo ya mwanamme.

Wahenga wamesema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini mkunjaji naye awe ananyooka. Likizo ijayo vijana watatoka tena alfajiri na mafagio yao. Tunawataka masheha, wakuu wa wilaya, maafisa wa afya na walimu wakutane nao kabla ya siku hiyo, wakubaliane nani ataleta nini na saa ngapi, kisha kila mmoja aje na alichoahidi. Skauti ameahidi kuwa tayari. Nasi tuwe tayari.