Mgeni Naye Apone

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii huwajia wengi midomoni kila kikundi cha Wakristo kutoka ng'ambo kinapowasili katika shule zetu. Wageni hushuka garini wakiwa na fulana za rangi moja. Hupaka rangi kuta za madarasa, huwafundisha watoto nyimbo, hugawa kalamu na peremende, kisha baada ya siku 10 au wiki mbili hurejea makwao. Makanisa yetu nayo hutuma watu ng'ambo kwa safari za namna hiyo.

Sina ugomvi na rangi wala kalamu. Linalonitia wasiwasi ni kuwa katika nyingi za ziara hizi yupo anayetoa na yupo anayepokea, na nafasi hizo hazibadiliki tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Mwalimu aliyefunza katika shule hiyo kwa miaka 20 haulizwi neno. Wanafunzi hupangwa juani waimbe, wapigwe picha, washukuru. Hapo ukarimu upo, lakini ushirika haupo.

Mtume Paulo alilijua jambo hili mapema. Katika sura ya kwanza ya Waraka kwa Warumi anaeleza jinsi anavyotamani kuwafikia ili awape karama ya rohoni. Mara tu baada ya kusema hivyo, anaongeza kuwa anakusudia wafarijiane, yeye kwa imani yao nao kwa imani yake. Msafiri huyu mashuhuri hakutaka kufika Rumi akiwa mfadhili tu. Alitaka kwenda kupokea pia.

Historia ya Afrika Mashariki inatupa mfano ulio karibu nasi. Daktari Joe Church, Mwingereza aliyesomea Cambridge, alianza kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, mwaka 1928. Alikuta njaa kali, wagonjwa tele na msaada haba. Mwaka uliofuata alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Huko, katika mlima wa Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Muganda aliyekuwa mtumishi wa serikali. Wawili hao waliketi wakasoma Biblia na kuomba pamoja, kila mmoja akikiri upungufu wake. Daktari aliyekuja Afrika kuponya alirudi Gahini akiwa ameponywa na mwenyeji.

Kutokana na urafiki huo na wa wengine wengi, uamsho ulienea miaka ya 1930. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliondoka Buganda akaenda Gahini kufundisha. Huyu naye alikuwa mmishenari katika nchi ngeni, mwalimu aliyelazimika kuishi miongoni mwa watu wa lugha nyingine. Alifariki mwaka 1936, akiwa angali kijana. Mwaka 1937 kundi la ndugu kutoka Rwanda na Uganda lilihubiri Kabete, hapa Kenya. Wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza ukavuka mipaka, ukaimbwa na watu wasiojua neno jingine lolote la lugha hiyo.

Kisha safari ikageuka. Mwaka 1941 William Nagenda alikuwa miongoni mwa wanafunzi 26 waliofukuzwa kutoka chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, baada ya kuzozana na wakuu juu ya mahubiri yao. Miaka sita baadaye, mwaka 1947, Nagenda na Yosiya Kinuka, aliyekuwa mhudumu wa hospitali ya Gahini, walisafiri na Daktari Church hadi Uingereza na bara la Ulaya. Hawakwenda huko kuomba fedha za kujengea zahanati. Walikwenda kuhubiri. Mwaka huohuo mhubiri Mwingereza, Roy Hession, aliwaalika wamishenari waliotoka Afrika Mashariki wahutubie mkutano wake wa Pasaka. Alipowasikiliza aling'amua kuwa mhitaji wa kwanza mkutanoni ni yeye mwenyewe. Kitabu chake, The Calvary Road, kilichotolewa mwaka 1950, kilitokana na mafunzo hayo, na kimesomwa katika lugha nyingi duniani.

Je, ni nini kilichowaunganisha watu hawa katika enzi ya ukoloni, ambapo Mzungu na Mwafrika hawakuketi meza moja? Hawakujidai kuwa utamaduni wao ni mmoja. Mwingereza alibaki Mwingereza na Muganda akabaki Muganda. Walichokikataa ni ile desturi ya mmoja kuwa mwalimu siku zote na mwenziwe kuwa mwanafunzi siku zote. Katika mikutano yao, Mwafrika aliweza kumweleza mmishenari kuhusu kiburi chake, na mmishenari akaomba radhi mbele ya watu. Hilo ni gumu kuliko kupaka ukuta rangi.

Yamkini msomaji atauliza: mbona basi Rwanda, chimbuko la uamsho huo, iliangamia mwaka 1994? Swali hili ni zito na halifai kukwepwa. Katika siku takriban 100 Wakristo waliwaua Wakristo wenzao, na watu walichinjwa ndani ya makanisa walimokimbilia, kama yale ya Nyamata na Ntarama. Wapo waliohatarisha maisha yao kuwaficha majirani, lakini hawakutosha. Jibu langu ni kuwa ushirika haurithiwi kama shamba. Kila kizazi sharti kiutafute upya, na kiuchunge dhidi ya uongo wa kwamba damu ya kabila ni nzito kuliko maji ya ubatizo. Wimbo mmoja unaweza kuimbwa na vinywa viwili ambavyo mioyo yao haijapatana.

Kwa hivyo walimu wanaopokea wageni wasione haya kuweka masharti ya heshima. Mgeni na aketi darasani asikilize kabla ya kufundisha. Ajifunze salamu na majina ya wanafunzi. Ale ugali na sukumawiki pamoja nao. Katika ibada, mwanafunzi apewe nafasi ya kumwombea mgeni, na mgeni aeleze shida za kanisa la kwao, kwa maana huko pia kuna madhabahu yasiyo na vijana na wazee wanaozeeka peke yao. Apigaye picha na aombe ruhusa kwanza. Nawe mwanafunzi unayetarajia kusafiri ng'ambo, usiende kama ombaomba wala kama mtalii. Una kitu cha kutoa: imani iliyojaribiwa, desturi ya kumtembelea mgonjwa, subira ya kumsikiliza mzee.

Tukitaka kujua kama ziara ilizaa ushirika, tusihesabu kuta zilizopakwa rangi. Tuwaulize wageni kabla hawajapanda ndege: mmepokea nini kwetu, na kutoka kwa nani? Anayeweza kujibu kwa kutaja jina la mtu amepata ndugu. Asiyeweza alifika tu, akaondoka.