Unataka Mercedes Eldoret? Piga Hesabu Hizi Kwanza

Agosti 1993, mjini Stuttgart, Moses Tanui alikuwa mbele katika fainali ya mita 10,000 za mashindano ya dunia. Haile Gebrselassie wa Ethiopia, kijana wa miaka 20 tu, alimfuata kwa karibu mno hata akamkanyaga kisigino mzunguko wa mwisho ulipowadia. Kiatu kikalegea. Tanui akakitupa, akachomoka na kiatu kimoja, na karibu na utepe Haile akampita kwa nusu sekunde. Alichokosa Tanui hakikuwa dhahabu peke yake. Stuttgart ndiko nyumbani kwa Mercedes-Benz, uwanja wenyewe ulikuwa umepewa jina la Gottlieb Daimler mwaka huohuo, na kila bingwa aliondoka na gari la Mercedes. Wakenya watatu walifanikiwa: Paul Ruto katika mita 800, Ismael Kirui katika 5,000 na Moses Kiptanui katika kuruka viunzi na maji.

Kabla ya hapo, nyota ya Mercedes yenye ncha tatu ilikuwa ya Wabenzi: mawaziri, wakurugenzi wa mashirika ya umma na wafanyabiashara waliokuwa karibu na serikali. Baadaye, mwaka 2009, Uhuru Kenyatta, akiwa Waziri wa Fedha, aliamuru vigogo warudishe magari yenye injini kubwa kuliko sisi (cc) 1,800 na wapewe Volkswagen Passat. Wengine walinung'unika, ingawa Passat nayo ni gari la Mjerumani. Leo hali ni nyingine kabisa. C-Class ya mitumba inanunuliwa Eldoret na mwalimu aliyechukua mkopo wa sacco, na mkulima wa Moiben aliyeuza mahindi, na mwanariadha aliyerudi na zawadi ya marathoni. Kuinunua si kazi kubwa tena. Swali ni kama utaweza kuishi nayo mita 2,100 juu ya bahari, kilomita 300 na ushei kutoka Nairobi.

Tuanze na kodi, maana hapo ndipo wengi hushtuka. Bei ya C-Class kwenye mnada wa Japani yaweza kukaribiana na ya Toyota Premio ya mwaka huohuo, kwa sababu Mercedes huporomoka thamani upesi huko. Mnunuzi akiona hivyo hudhani ameokota dodo chini ya mwarobaini. Lakini KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haimtozi kwa bei aliyonunulia. Inaanza na bei ya gari hilo likiwa jipya kwenye orodha yake, inapunguza kwa kadiri ya umri, kisha inatoza. Mercedes ilikuwa ghali ikiwa mpya, kwa hiyo kodi yake itabaki ya kitajiri hata kama wewe umeipata kwa bei ya maskini.

Chukua thamani ya forodha ya shilingi milioni 1, iwe rahisi kuhesabu. Ushuru wa forodha ni asilimia 35: 350,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya petroli iliyozidi sisi 1,500 ni asilimia 25 ya thamani ikijumlishwa na ushuru huo: 337,500. VAT ya asilimia 16 inaongeza 270,000. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, na ya maendeleo ya reli, asilimia 2, ni 45,000. Jumla 1,002,500. Yaani serikali inachukua thamani ya gari zima mara ya pili.

Sasa angalia upande wa injini ndogo. Isiyozidi sisi 1,500 hulipa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, na jumla ya kodi kwa thamani ileile inashuka hadi 924,200. Hapa pana siri ambayo madalali wa magari hawaitangazi sana: C200 iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018, ile inayouzwa Japani, ina injini ya sisi 1,497 yenye tabo (turbo) na msaada kidogo wa umeme. Inaingia daraja la chini. C180 ya sisi 1,595 iliyotangulia, ambayo jina lake linasikika dogo zaidi, inaingia daraja la juu. Usidanganywe na namba iliyo kwenye buti. Soma hati ya gari. Kumbuka pia sheria ya miaka minane. Kwa mwaka 2026 gari linaloruhusiwa bandarini Mombasa ni lililosajiliwa kwa mara ya kwanza 2019 au baadaye, na usukani uwe kulia.

Usukani huo wa kulia una hadithi yake. Sehemu kubwa ya C-Class zenye usukani wa kulia hazikuundwa Ujerumani bali East London, Afrika Kusini. Tazama namba ya chesisi: herufi ya 11 ikiwa R, gari lilizaliwa barani humu. Halina ubaya wowote. Nalitaja kwa sababu wapo wauzaji wanaoongeza bei kwa kuapa kwamba gari lao ni la Kijerumani halisi.

Mafuta hayatakufilisi. Tuseme unakwenda kilomita 15,000 kwa mwaka na Mercedes inakupa kilomita 10 kwa lita katika foleni za Barabara ya Uganda na safari za Nakuru, Premio ikikupa 13. Petroli ikiwa shilingi 185 kwa lita, Mercedes itakunywea kama 277,500 na Premio kama 213,500. Tofauti ni 64,000, sawa na magunia 16 ya mahindi kwa bei ya shilingi 4,000 ambayo serikali ilinunulia msimu wa 2023. Inauma, lakini haiui. Na kwa Eldoret kuna faida isiyoonekana kwenye karatasi. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Premio iliyojaa abiria ikipanda Timboroa, dereva anajua. Tabo ya Mercedes huisukumia injini hewa zaidi, hivyo nguvu nyingi hubaki. Ila kifuniko cha tangi kimeandikwa 95, na injini ya tabo haisamehe petroli ya kubahatisha ya vituo vya pembeni.

Bima nayo hupanda na thamani. Gari la milioni 3 kwa asilimia 4 ni 120,000 kwa mwaka, la milioni 2 ni 80,000. Hayo yote ni mambo ya kalamu na karatasi.

Kinachomaliza watu Eldoret ni umbali kati ya gari, spea na fundi anayelijua.

Simama dakika kumi kando ya Barabara ya Uganda uhesabu nyota za Mercedes zinazopita. Nyingi zitakuwa za malori ya Actros yanayoelekea Malaba. Filta ya Actros utaipata mjini bila taabu; ya C200 ni bahati. Spea za magari madogo huagizwa Nairobi, zikapandishwa matatu ya usiku, na fundi akikosea namba moja tu ya spea, zinarudishwa na safari inaanza upya. Huku Premio ya jirani imeshatengenezwa, kwa sababu bushi zake zinauzwa duka la tatu kutoka gereji.

Kisha kuna ugonjwa wa kompyuta. Mfano mmoja unatosha. Kwenye C-Class ya 2007 hadi 2014, ile mafundi wanayoiita W204, kuna mota ndogo inayofungua usukani unapoingiza ufunguo. Ikiwa nzima utasikia mlio mfupi. Siku ikifa hutasikia chochote. Dashibodi haiwaki, injini haizunguki, usukani haugeuki, gari zima kimya mbele ya Zion Mall na walinzi wanakuuliza kama umesahau betri. Fundi wa jua kali hawezi kuirukisha kwa waya. Kifaa kipya lazima kitambulishwe kwa ufunguo na kompyuta ya gari kwa programu maalumu ya Mercedes. Gereji yenye kifaa cha kawaida cha kusoma hitilafu itakuambia ugonjwa, haitakuwa na dawa. Ndipo unaanza kutafuta lori la kukokota hadi Nairobi. Ubao wa umeme ndani ya giaboksi nao una tabia hiyohiyo.

Ndiyo maana naionea mashaka W204 inayouzwa kwa bei ya Premio, ile yenye namba za KCA au KCB, rangi inang'aa, viti vya ngozi, muuzaji "anasafiri nje". Ukiipenda hata hivyo, nenda asubuhi kabla haijawashwa, na uguse boneti kuhakikisha ni baridi. Iwashwe ukiwa umesimama mbele. Ikilia kama vijiko kwenye sufuria kwa sekunde moja au mbili kisha ikanyamaza, cheni ya taimingi au gia za kamshafti zimechoka, na hiyo ni kazi ya kufungua injini. Kisha omba fundi achomoe plagi ya umeme iliyo mbele juu ya injini, penye sumaku za kamshafti, na uingize kidole. Kidole kikitoka na oili, oili imeanza kusafiri ndani ya nyaya kuelekea kompyuta. Muuzaji atasema ni jasho la injini. Mshukuru, uende nyumbani.

Sasponsheni ya hewa ni sura nyingine, na kwayo nina msimamo mkali. E-Class au S-Class kuukuu yenye mifuko ya hewa badala ya springi isiingie mlangoni pako Eldoret, hata ikiwa bei ni ya kutupa. Barabara za ndani za Langas na Kimumu wakati wa mvua, pamoja na matuta yasiyo na rangi, zitaitoboa. Mfuko ukivuja, kompresa inafanya kazi usiku na mchana hadi inaungua, na asubuhi unakuta gari limelala kona moja. Kwa kazi hiyohiyo Toyota inataka shokabzoba na springi, mchana mmoja, umemaliza.

Inafurahisha kwamba safari ndefu ya kwanza ya gari duniani ilikuwa ya mtu kujitengenezea njiani. Carl Benz aliomba hati ya ubunifu Januari 1886, lakini ni mkewe Bertha, Agosti 1888, aliyelitoa gari bila kumwambia, akawapakia wanawe wawili na kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kilomita 100 na zaidi. Mafuta alinunua duka la dawa. Bomba lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Breki zilipolika alimwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Jina Mercedes lilikuja baadaye, la binti ya mfanyabiashara Emil Jellinek, na kampuni mbili za Daimler na Benz ziliungana 1926.

Roho ile ya pini ya kofia ilidumu hadi W123 na W124, magari ya miaka ya 1970 hadi 1990 ambayo wazee wachache wa Uasin Gishu bado wanayaendesha. W123 ya dizeli, 200D au 240D, haina kompyuta ya injini. Fundi wa jua kali anaifungua na kuifunga. Haina mbio, na kampuni nyingi za bima hazitaipa bima kamili kwa umri wake. Lakini kwa mtu anayetaka nyota juu ya boneti na si mwendo, naiona ya busara kuliko W204 iliyochoka. Kwa W124 ya miaka ya 1990 chunguza nyaya za injini. Mpira wake wa zamani hukatika kama biskuti.

BMW na Volkswagen nitazipitia haraka, kwa kuwa shida ni ileile ya umbali. BMW nyingi hazibebi tairi la akiba, jambo ambalo utalikumbuka usiku Burnt Forest. Golf na Passat zenye giaboksi ya klachi mbili zinataka fundi aliyebobea. Na kwa wanaoona Mercedes na Toyota kama maji na mafuta: DT Dobie, iliyouza Mercedes nchini kwa miongo mingi, ilikuja kuwa mali ya CFAO, na CFAO ni mali ya Toyota Tsusho. Hapo faida ya Mercedes za mabwanyenye ilikuwa inaishia Japani.

Uamuzi wangu ni huu. Kama gari ni moja tu nyumbani na linawahi shule na kazi kila asubuhi, nunua Premio au Toyota Crown, hata kama shemeji atakucheka. Kama una gari la pili, na baada ya kununua unaweza kuweka kando moja ya kumi ya bei yake kila mwaka kwa matengenezo bila kugusa karo, chukua C200 ya sisi 1,497, iliyokaguliwa Japani na yenye karatasi ya mnada. Redio ya Kijapani haifiki masafa yote ya FM ya Kenya; hilo utalizoea. Kabla ya kulipa chochote, tafuta fundi mwenye programu ya Mercedes, kwa jina na kwa gereji, hapa Eldoret au Nakuru. Ukimkosa, ahirisha ununuzi.