Usiikatize Dawa ya Mfadhaiko

  Leo nazungumza na wale wanaotumia dawa za mfadhaiko, ile huzuni nzito isiyoisha, inayomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na nguvu za kufanya kazi.

Mama mmoja muuza mboga alifika kliniki akitokwa na jasho, ana kichefuchefu na hajalala siku tatu. Alikuwa amemeza amitriptilini kwa miezi mitano, akapata nafuu. Kisha akaenda matanga kwa wakwe zake. Tembe aliziacha nyumbani, ili mawifi wasizione wakamwita mwenda wazimu. Akaniuliza, "Sista, nimerogwa?"

La, hakurogwa. Mwili ulikuwa umeizoea dawa, nayo ikakatika ghafla.

Wasikilizaji, dawa hizi si kama za kuumwa na kichwa, za kumeza leo na kuacha kesho. Huchukua wiki 2 hadi 4, pengine hata 6, kabla ya kuleta nafuu. Ukishapata nafuu, unaendelea kuzimeza miezi 9 hadi 12, au zaidi kama ugonjwa umewahi kukurudia. Kwa hivyo ukijisikia vizuri, jua dawa inafanya kazi. Usiiache.

Je, ukisahau? Ukikumbuka siku hiyo hiyo, meza. Lakini amitriptilini humezwa usiku na huleta usingizi, kwa hivyo ukikumbuka asubuhi, ngoja usiku umeze kama kawaida. Kamwe usimeze maradufu ili kufidia. Amitriptilini ikizidi hudhuru moyo na yaweza kuua. Iweke mbali na watoto.

Wanaotumia fuloksetini nao wasidanganyike. Dawa hiyo hukaa mwilini siku nyingi, na ukiiacha huenda usihisi lolote mara moja. Baada ya wiki kadhaa, huzuni yaweza kurudi.

Meza dawa saa ile ile kila siku. Tega kengele ya simu. Ukisafiri, tia tembe mkobani pamoja na kitambulisho. Rudi kliniki ukiwa bado na tembe za wiki moja, usingoje ziishe. Kama zinakukausha mdomo au kukufungia choo, mwambie nesi au daktari. Wakati wa kuacha ukifika, daktari atakupunguzia pole pole.

Nanyi jamaa, msimcheke mgonjwa. Mkumbusheni. Na akisema amechoka kuishi, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali iliyo karibu mara moja.

Yule mama alirudia dawa yake kwa maagizo ya daktari. Safari hii alimweleza dada yake, na huyo ndiye humwuliza kila jioni, "Umemeza?" Leo yuko sokoni na mboga zake.